Chupa Niliyoimwaga Biashara Street

Juzijuzi binti yangu alirudi kutoka kliniki na kikopo cha plastiki, kile cha kifuniko chekundu wanachopewa wajawazito, akakiweka juu ya meza ya chakula. "Wanataka niwapelekee mkojo wa asubuhi," akasema. Mamangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana na hushinda dirishani akichagua mchele usio na mawe, akakiangalia kile kikopo kwa jicho baya.

"Usiwaamini," akamwambia mjukuu wake. "Mimi waliniandikia safi. Safi kabisa! Na mwanangu akazikwa. Kaa nyumbani. Wangapi tumezaliwa bila vikopo?"

Binti yangu akanitazama mimi, akitaka nimpinge bibi yake au nimuunge mkono. Mimi nikaondoka. Nikaingia jikoni, nikawasha jiko, nikasimama mbele ya moto usio na sufuria. Maneno yale, "waliniandikia safi", nimeyasikia tangu utotoni, matangani, harusini, barazani kwa majirani, na kila yanaposemwa mimi huinamisha kichwa, watu wakadhani nina huzuni. Huzuni gani! Ilikuwa aibu, na hila ndani yake. Anayejua kwa nini waliandika safi ni mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Mji wa Kale, chumba cha chini cha nyumba ya kupanga, mlango unatazamana na mlango wa Bi Zena, jirani yetu. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu kwenye veranda ya duka moja la Biashara Street. Mama alikuwa na mimba, na kabla ya hiyo zilimtoka mbili. Nyinyi wa rika langu mliokulia mitaa ile mnajua kwetu mimba haitangazwi. Mtu hasemi "nina mimba". Husema "si mzima sana", na tumbo hulifunika kwa leso mpaka lisifichike. Mama alizidi. Alishika kwamba zile mbili zilipigwa jicho, na ya tatu haitaonwa na mtu. Alikwenda kliniki mara moja tu kuchukua kadi, akarudi akasema wanawake wa kwenye benchi walimtazama tumbo mmoja baada ya mwingine. Hakwenda tena.

Basi siku moja baada ya adhuhuri tukasikia hodi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye gauni jeupe la unesi, viatu ameshavivua mlangoni hata kabla hajakaribishwa. Alikuwa Sista Kadzo, nesi wa kliniki ya wajawazito, Mrabai na Mkristo, lakini salamu zake zilikuwa za kwetu kuliko zetu. Aliuliza hali ya mama, ya baba, ya mtoto, ya majirani, ndipo akaketi mkekani.

"Dada yangu, miezi miwili sijakuona," akasema. "Nilidhani umehama."

"Sikuhama," mama akajibu, anaona haya. "Naogopa mato ya watu."

Nilijua atachekwa. Wauguzi wengine walikuwa wakicheka maneno kama hayo, na wengine wakifoka. Sista Kadzo hakucheka. Alifikiri kidogo, akatoa mashine yake ya presha, akampima mama palepale mkekani, akaandika kwenye kadi.

"Haya, sikiliza," akasema. "Kama ni jicho, mkojo hauna tumbo la kutazamwa. Nitumie huo. Kila Alhamisi, ule wa kuamkia, mpe mtoto alete. Nitaupima nikuandikie. Lakini ukiingia mwezi wa nane utakuja kwa miguu yako, hata ujifunike gunia!"

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mimba ile ilipoanza. Nimekuwa na umri wa kutosha sasa kujua Sista alifanya nini siku ile. Hakuna aliyemwagiza aje kwa miguu mpaka kwetu, wala utaratibu wa kliniki haukumruhusu kupokea mkojo kutoka mkononi mwa mtoto. Alimwona mwanamke anayeogopa, akatafuta njia ya kuupita woga wake. Aliitia kazi yake rehani kwa ajili yetu, na aliyeibeba rehani hiyo nilikuwa mimi, kwenye kikapu.

Chupa ilikuwa ya marashi ya mawaridi. Mama aliisuuza kwa maji ya moto, akaikausha, akaijaza, akaizungushia kitambaa. Mimi nilikuwa likizoni, na nikitoka kliniki nilipitiliza chuoni kusoma Kurani, kwa hivyo ndani ya kikapu mlikuwa na juzuu yangu, kadi ya mama imechomekwa ndani yake, upande mmoja na chupa upande wa pili. Alhamisi ya kwanza nilikwenda kama askari, kutoka vichochoroni mpaka Biashara Street, nikampita baba kwenye cherehani yake bila kumtazama, nikashika njia ya upande wa Tononoka kulikokuwa na kliniki. Sista alichovya kijikaratasi chembamba, akakiangalia, akaandika. Safi.

Alhamisi ya pili kile kijikaratasi kiligeuka rangi kidogo, kikawa na ukijani. Sista akakunja uso. "Tuone wiki ijayo," akaniambia. "Ikizidi nitamfuata mwenyewe siku hiyohiyo, tumpeleke hospitali." Hakunieleza zaidi, na mimi nikajieleza mwenyewe kitoto. Nilifahamu kwamba mkojo ule ni kama daftari la shule. Mama ameandikiwa kosa, amekula kitu asichotakiwa kula, na akikosea tena atachukuliwa. Njia nzima nilikuwa nikikumbuka achari aliyokula Jumatano. Nyumbani nikamwambia, "Sista asema tuone wiki ijayo," na ile ya hospitali nikaimeza nisimtie hofu.

Ndipo ikaja Alhamisi ya tatu.

Mbele ya duka moja la leso alisimama Rukia na wenzake wawili, tuliosoma darasa moja. Mamake alikuwa ndani akibishana bei za leso za harusi. Rukia, wacha niseme ukweli, ndiye niliyetamani anipende kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa na viatu vya kung'aa na sauti ya kuamrisha, na mwaka mzima hajawahi kuniita jina. Siku ile akaniita.

"Ndoo hapa! Wenda wapi na kikapu?"

Kabla sijajibu mkono wake umeshaingia. Akakifunua kile kitambaa, akaona lile waridi la kwenye karatasi ya chupa. "Lo, marashi! Tupake, yakhe, tuna harusi sisi!" Akaitikisa. Akaiinua kwenye jua. "Mbona ya manjano?"

"Yameharibika," nikasema. "Nakwenda kuyamwaga."

"Si uyamwage basi. Mtaro si huo?"

Wote watatu wakanitazama. Nikamnyang'anya chupa kabla hajafungua kifuniko, nikainama kwenye mtaro, nikaimwaga yote, mpaka tone la mwisho. Rukia akasema, "Wewe nawe, wabeba marashi mabovu," wakacheka, kisha wakanisahau, wakaingia dukani. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoieleza.

Baadaye nilijitafutia hoja. Nilijiambia niliimwaga kwa sababu mkojo ni najisi, na mle kikapuni mlikuwa na juzuu, na mwalimu wetu alitukataza. Hoja nzuri kweli, ya mcha Mungu! Lakini wiki mbili nilibeba vyote viwili na najisi haikunikera. Nilimwaga kwa sababu ya Rukia. Nilimwonea haya mamangu, mkojo wake, tumbo lake, woga wake, chumba chetu cha chini, na nikamwaga vyote pale mtaroni.

Kurudi nyumbani kuomba mwingine singeweza, ningesema nini? Nikaenda kliniki, nikazunguka nyuma kwenye choo, nikaijaza chupa mimi mwenyewe. Na jambo baya zaidi ni kwamba sikuona kosa. Tulikula sinia moja, mimi na mama, tukanywa maji ya mtungi mmoja. Mkojo wangu na wake ungetofautiana nini? Tena mimi achari sikuionja wiki ile. Nikadhani namsaidia asichukuliwe.

Sista alichovya kijikaratasi. Hakikubadilika hata chembe. Akashusha pumzi, na nikaona alikuwa na hofu kweli. "Sifa kwa Mungu," akasema. "Mwambie mama mkojo safi. Lakini mwambie pia, na usisahau, akiumwa na kichwa, au macho yakiona nyotanyota, asingoje Alhamisi. Aje palepale. Rudia nilivyosema." Nikarudia neno kwa neno. Akanisifu, akanipapasa kichwa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amelala, amejifunga leso kichwani, ameikaza kwa fundo.

"Kitwa chaniuma tangu jana," akasema. "Na mato yaona vimulimuli. Sista asemaje?"

Yale maneno yalikuwa mdomoni mwangu, nilikuwa nimeyarudia asubuhi ileile. Kama ningeyatamka, mama angeinuka aende. Sista angetaka mkojo mwingine, mbele yangu, na kijikaratasi kingegeuka, na ningeulizwa ule wa kwanza ulikuwa wa nani. Nilipiga hesabu hiyo yote nimesimama mlangoni na kikapu mkononi.

"Safi," nikasema.

"Alhamdulillahi. Basi ni hili jua tu." Akageukia ukutani, akalala kwa raha.

Jumamosi baada ya alasiri alianguka uani akifua. Alikakamaa, akatikisika, povu likamtoka. Bi Zena akaja mbio, akasema ni pepo, huyu kapandwa na pepo, akachoma ubani, akamsomea, akaniagiza nilete mafuta. Nikaleta. Mara ya pili akatikisika tena, na ndipo mtu akaenda kumwita baba, naye akaja na utepe wa kupimia bado uko shingoni, akambeba mama mpaka barabarani kwenye teksi. Nilibaki mlangoni na chupa ya mafuta. Hata hapo sikusema. Nilifikiri pepo na mkojo ni mambo mbalimbali.

Hospitali walisema ni kifafa cha mimba. Mama alipona. Mtoto, mvulana, alitolewa amekufa. Baba alimleta amefungwa kitambaa cheupe, akakaa naye kidogo chumbani, kisha wanaume wakamchukua. Mama alikuwa hospitali bado na hakumwona hata uso.

Siku ya pili yake baba akanishika mkono, tukaenda kliniki. Baba alikuwa mtu mpole. Mteja akimrudishia kanzu mara tatu, huitengeneza ya nne bila neno. Siku ile alipiga kelele mbele ya wajawazito wote waliokuwa kwenye benchi. Aliinua kadi juu. "Umeandika safi! Alhamisi umeandika safi, Jumamosi mke wangu kaanguka! Mwasoma nini nyinyi? Mwaandika nini?"

Sista Kadzo aliichukua kadi, akaisoma maandishi yake mwenyewe. Kisha akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Alisema taratibu, "Mwanangu, ile chupa..."

Hakumaliza. "Wallahi ni wa mama," nikasema. "Wallahil adhim, ni wa mama."

Alikaa vile ameinama, ananitazama. Mimi nikatazama viatu vyake. Kisha akasimama, akamgeukia baba, akasema, "Pole, baba. Pole sana." Ni hayo tu. Hakujitetea, hakusema kwamba alimwagiza mama aje palepale akiumwa na kichwa. Wakubwa wake walimuuliza kwa nini alipokea mkojo kwa mkono wa mtoto. Walimtoa kwenye chumba cha kupimia, wakamkalisha dirishani akigawa kadi, na baada ya muda hata dirishani hakuwapo.

Nasi kwetu neno lilikwenda nyumba kwa nyumba. Bi Zena alilibeba asubuhi, mama aliporudi akalibeba yeye, na kwake liliuma zaidi kwa sababu lilitoka kwa mfiwa. Msiende kule, wanaandika uongo. Wanawake wa mtaani wakaacha kwenda. Wengi walizaa salama majumbani mwao, kwa rehema za Mungu. Mmoja hakuzaa salama, wakazikwa yeye na mwanawe, na nilikuwa nikicheza kode, ule mchezo wa vijiwe, na mdogo wake. Jina lake sitalitaja hapa, kwa sababu watu wake wangali hai na hawajui.

Mama hakupata tena mtoto. Mapenzi yote yakaniangukia mimi. Kipande cha nyama kikubwa changu, gauni la Idi jipya langu, ada ya sekondari ikapatikana hata baba akashona mpaka macho yakapofuka. "Wewe ndiwe wangu wa pekee," mama akisema, akinisuka nywele. Nikiketi kati ya magoti yake nikisikia vidole vyake, nilitamani anipige. Niliyapokea mapenzi ya watoto wawili na nikanyamaza, mwaka baada ya mwaka, nikaolewa, nikazaa, nikapeleka mkojo wangu mwenyewe kliniki kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu akiniuliza kwa nini sikusema nilipokuwa mkubwa, jibu langu ni moja: sikutaka kuonekana. Hakuna jingine. Wakati wowote ningeweza, na kila wakati nilisema si leo.

Mpaka juzijuzi, pale jikoni. Nilimsikia binti yangu akisema kwa sauti ya chini, "Haya bibi, siendi basi." Nikazima jiko, nikatoka, nikasimama mbele ya mamangu, nikamwambia yote kuanzia dukani kwa leso mpaka kile kiapo. Sikulia. Niliona sina haki ya kulia.

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Mbele ya nani, ulisema?"

"Rukia."

"Rukia," akasema, kama mtu anayetajiwa bei asiyoiamini. Nilingoja anilaani au anisamehe, na hakufanya hata moja. "Nimemuapiza yule nesi kila baada ya swala," akasema mwishowe. "Miaka yote hii. Yu hai?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Akamgeukia mjukuu wake. "Kesho upeleke mkojo wako. Upeleke mwenyewe, usimpe mtu." Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, nimtafute.

Haikuwa kazi hata. Hilo nalo lina aibu yake. Siku mbili tu za kuulizauliza zilitosha. Sista Kadzo amestaafu, anakaa kwao Rabai, na tulimkuta uani akikoboa mahindi. Amepinda mgongo, lakini alimtambua mama mara moja, akatandika mkeka, akauliza hali yake, ya nyumbani, ya majirani, vilevile kama zamani. Mama akangoja salamu zikaisha. "Mwanangu ana neno," akasema.

Nikalisema. Sista Kadzo hakuacha kukoboa mpaka nilipofika kwenye kiapo, hapo akaweka gunzi chini.

"Nilijua," akasema. "Uliapa kabla sijakuuliza."

"Mbona hukusema?" mama akauliza. "Tulikuvunjia heshima mbele ya watu! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, dada yangu? Mtoto kazikiwa ndugu yake jana. Babake yuko pale anatetemeka. Nimtwike na hilo, arudi nalo nyumbani?" Akapangusa mikono kwenye leso yake. "Nilisema moyoni, huyu ni mtoto na anaogopa. Akikua atakuja mwenyewe. Nikangoja."

Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Sasa una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili, Sista," nikasema.